Henry Ford na Meno ya Ekseli ya Nyuma

Mtoto aishiye Sibwesa, katika nchi ya Mpanda inayoelekea Ziwa Tanganyika, husikia lori kabla ya kuliona. Lori likiwa tambarare, injini huvuma kwa sauti ya chini na magurudumu hukimbia. Lifikapo mlimani na shehena yake ya magunia ya mahindi, mambo hugeuka. Injini hupiga kelele na kuzunguka kwa haraka sana, lakini magurudumu huzunguka polepole, hata mtoto aweza kutembea sambamba nalo. Kwa nini injini izunguke mbio na gurudumu lizunguke taratibu, hali vitu hivyo viwili vimeunganishwa kwa vyuma?

Sehemu ya jibu imo ndani ya kile chungu cha chuma kilichovimba katikati ya ekseli ya nyuma. Mafundi wetu hukiita difu. Ndani yake mna gurudumu dogo la meno, liitwalo pinioni, na gurudumu kubwa la meno, liitwalo krauni. Pinioni huzungushwa na mhimili mrefu utokao kwenye injini, yaani propela, nayo krauni huyazungusha magurudumu ya nyuma. Hesabu ya meno ya krauni ikigawanywa kwa hesabu ya meno ya pinioni hutupatia uwiano wa ekseli. Katika somo hili tutasoma habari za maisha ya Henry Ford, Mmarekani aliyetengeneza gari lililoenea duniani kuliko yote yaliyolitangulia, kisha tutayahesabu meno ya gari hilo.

Kwanza fanyeni jaribio dogo. Azimeni baisikeli, muipindue ili isimame juu ya tandiko na usukani. Hesabuni meno ya gurudumu la mbele la mnyororo, lile lililo kwenye pedali. Kisha hesabuni meno ya gurudumu dogo la nyuma. Tuseme mmepata 48 mbele na 16 nyuma. Tieni alama ya chaki juu ya tairi la nyuma, kisha zungusheni pedali polepole mara moja tu, huku mwenzenu mmoja akihesabu alama ile inapita mara ngapi. Itapita mara 3, kwa kuwa 48 ukigawanya kwa 16 ni 3. Baisikeli yenu ikiwa na meno mengine, jibu litakuwa jingine, lakini njia ni ile ile. Angalieni jambo moja: katika baisikeli gurudumu kubwa huliendesha dogo, kwa hiyo mwendo huongezeka na nguvu hupungua. Ndiyo maana mlimani mwendesha baisikeli huteremka akaisukuma. Katika ekseli ya gari mambo ni kinyume chake. Dogo huliendesha kubwa, mwendo hupungua na nguvu ya kuzungusha huongezeka.

Henry Ford alizaliwa tarehe 30 Julai, 1863, katika shamba karibu na mji wa Detroit, jimbo la Michigan, huko Marekani. Baba yake, William, alikuwa mkulima aliyetoka Ireland. Mama yake aliitwa Mary. Wazazi hao hawakukosa chakula, lakini kazi za shamba zilikuwa nyingi na nzito, kama zilivyo mahali popote. Henry alikuwa mkubwa miongoni mwa ndugu zake, naye hakuzipenda kazi hizo. Aliona kwamba mambo mengi yaliyofanywa kwa mikono yangeweza kufanywa kwa mashine, na wazo hilo halikumwacha maisha yake yote.

Mwaka 1876 alipatwa na msiba mkubwa, kwani mama yake alifariki dunia. Katika siku hizo hizo alipata saa ya mfukoni. Mtoto mwingine angaliitia mfukoni akajivunia. Henry aliifungua, akavitazama vigurudumu vyake vya meno jinsi kimoja kinavyokisukuma kingine, akaitenganisha yote, kisha akaiunganisha tena ikatembea. Hakuwa na vyombo vya fundi wa saa, hivyo alichukua msumari akausugua mpaka ukawa bisibisi. Muda si muda majirani wakaanza kumletea saa zao mbovu. Saa ni mwalimu mzuri wa uwiano wa meno. Mshale wa dakika huzunguka mara 12 wakati mshale wa saa ukizunguka mara moja, na kazi hiyo hufanywa na meno peke yake.

Mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 12, alikuwa akisafiri na baba yake katika gari la farasi kwenda Detroit. Njiani wakakutana na injini ya mvuke iliyokuwa ikijiendesha yenyewe. Injini za mvuke hazikuwa kitu kigeni mashambani. Zilitumika kupura nafaka na kupasua mbao, lakini zilizoea kukokotwa na farasi kutoka shamba moja hadi jingine. Hii haikuwa na farasi. Mnyororo ulitoka kwenye injini ukaenda mpaka kwenye magurudumu ya nyuma. Dereva aliisimamisha ili gari la farasi lipite, na kabla baba yake hajatambua, Henry alikuwa amekwisha ruka chini akimwuliza maswali. Dereva hakumfukuza. Alimweleza kwamba injini ile ilizunguka mara 200 kwa dakika, na kwamba gurudumu dogo la meno lililobeba mnyororo liliweza kusogezwa, ili gari lisimame huku injini ikiendelea kuzunguka.

Yafaa tusimame kidogo hapa, maana katika maneno hayo ya dereva mlikuwa na somo lote la gia. Tuseme gurudumu la mashine ile lilikuwa na mzingo wa meta 4. Kama lingezunguka mara 200 kwa dakika sawasawa na injini, lingekwenda meta 800 kwa dakika, yaani kilometa 48 kwa saa. Chombo kizito cha chuma kisicho na breki za kutosha kingewaua watu kwa mwendo huo, kama kingeweza kuondoka. Lakini kisingeondoka, kwa sababu injini isingekuwa na nguvu ya kulisukuma gurudumu lile moja kwa moja. Ilibidi mzunguko upunguzwe njiani na nguvu iongezwe. Henry aliikumbuka siku ile mpaka uzeeni.

Mwaka 1879, akiwa na umri wa miaka 16, alihamia Detroit akawa mwanagenzi katika karakana. Usiku alitengeneza saa katika duka la sonara, maana mshahara wa mchana haukumtosha. Mwaka 1882 alirudi shambani, akawa akiendesha na kutengeneza injini za mvuke za wakulima wa sehemu zile. Mwaka 1888 alimwoa Clara Bryant. Baba yake alitumaini kwamba sasa kijana atatulia awe mkulima, hata akampa shamba lenye msitu. Kijana aliikata miti, akaipasua mbao, na miti ilipopungua akarudi mjini. Mwaka 1891 aliingia katika kampuni ya umeme ya Edison mjini Detroit, na miaka miwili baadaye akawa mhandisi wake mkuu.

Kazi ya umeme ilimpa mshahara, lakini moyo wake ulikuwa katika injini ya petroli. Usiku wa kuamkia Krismasi ya mwaka 1893 aliijaribu injini yake ndogo ya kwanza jikoni mwa nyumba yao, juu ya sinki la kuoshea vyombo. Clara alidondosha petroli kidogo kidogo kwa mkono wake, ingawa mtoto wao Edsel alikuwa na umri wa majuma machache tu na chakula cha sikukuu kilikuwa kikingojea. Injini iliwaka, ikatikisa sinki na kutoa moshi, kisha wakaizima.

Kutoka injini ile hadi gari ilikuwa kazi ya miaka zaidi ya miwili. Ford alifanya kazi hiyo usiku katika kibanda cha nyuma ya nyumba. Alitumia magurudumu ya baisikeli, mikanda ya ngozi na mnyororo. Gari hilo lilikuwa na mwendo wa aina mbili, mmoja wa kilometa 16 kwa saa na mwingine wa kilometa 32, wala halikuweza kurudi nyuma. Tarehe 4 Juni, 1896, kabla ya alfajiri, kazi ilikwisha. Hapo ndipo fundi wetu alipogundua kwamba alikuwa amepima kila kitu isipokuwa mlango. Gari lilikuwa pana kuliko mlango wa kibanda! Alitwaa shoka, akabomoa matofali ya ukuta, akalitoa nje, akaliendesha katika mitaa ya Detroit huku rafiki yake akitangulia mbele kwa baisikeli ili kuwaonya watu.

Yaliyofuata hayakuwa rahisi. Kampuni yake ya kwanza, iliyoanzishwa mwaka 1899, ilikufa mwanzoni mwa mwaka 1901. Kampuni ya pili aliiacha mwaka 1902 baada ya kutopatana na wenye mali. Mtu wa miaka 39 aliyeshindwa mara mbili si mtu ambaye matajiri humkimbilia kwa fedha. Hata hivyo watu wachache walimwamini, kwa sehemu kwa sababu mwaka 1901 alikuwa amelishinda gari la Alexander Winton, dereva maarufu, katika mashindano. Tarehe 16 Juni, 1903, Ford na wenzake wakaanzisha kampuni ya tatu. Hiyo ndiyo Kampuni ya Magari ya Ford ambayo ipo hata leo.

Wenzake kadhaa walitaka kutengeneza magari makubwa ya anasa kwa ajili ya matajiri, kwani gari moja la namna hiyo lilileta faida kubwa. Ford alishikilia neno lake: alitaka gari jepesi, imara, la bei ndogo, ambalo mkulima angeweza kulinunua na kulitengeneza mwenyewe. Alifanya kazi hiyo pamoja na wahandisi wengine, akiwamo Childe Harold Wills na József Galamb, mzaliwa wa Hungaria. Hatimaye, mwezi wa Oktoba, 1908, gari hilo lilianza kuuzwa. Liliitwa Model T.

Barabara za Marekani za wakati ule zilikuwa za udongo, zenye matope wakati wa mvua na mashimo wakati wa jua. Mtoto wa Sibwesa hahitaji kuelezwa zaidi. Kwa hiyo Model T lilijengwa juu juu, mbali na ardhi, kwa chuma cha pua kilichochanganywa na vanadi ili kiwe chepesi lakini kisivunjike. Injini yake ilikuwa na silinda 4 na nguvu za farasi 20. Nguvu hizo ni ndogo, na gari lenye nguvu ndogo lazima liwe na uwiano mzuri wa ekseli. Hapo palikuwa na shauri gumu. Mhandisi akichagua uwiano mkubwa, gari litapanda milima yote, lakini tambarare litakwenda polepole huku injini ikipiga kelele na kula petroli. Akichagua uwiano mdogo, gari litakimbia tambarare, lakini litakwama katika kilima cha kwanza. Hakuna uwiano ulio mzuri kwa kila mahali.

Basi tuyahesabu meno waliyochagua. Pinioni ya Model T ilikuwa na meno 11, na krauni ilikuwa na meno 40. Kila jino la pinioni husukuma jino moja la krauni. Kwa hiyo pinioni ikizunguka mara moja, krauni husogea meno 11 tu kati ya 40. Ili krauni izunguke mara moja kamili, pinioni yapasa izunguke mara 40 ÷ 11, yaani mara 3.64 hivi. Mafundi husema kwamba uwiano wa ekseli ni 3.64 kwa 1.

Huenda mwanafunzi atauliza kwa nini wasichague 40 na 10, ili hesabu iwe rahisi. Chora mduara wenye meno 40 na mwingine wenye meno 10, uvifuatishe kwa kidole. Utaona kwamba jino la kwanza la pinioni lingekutana daima na meno yale yale manne ya krauni: la 1, la 11, la 21 na la 31. Jino moja likiwa na kasoro, lingeyala meno hayo manne siku zote. Lakini 11 na 40 hazina kigawo cha shirika zaidi ya 1. Kila jino la pinioni hukutana na kila jino la krauni kwa zamu, na meno yote hulika sawasawa.

Sasa tutafute mwendo. Injini ya Model T ilitoa nguvu yake yote ilipozunguka mara 1,600 kwa dakika. Katika gia ya juu, propela ilizunguka sawasawa na injini. Magurudumu ya nyuma, basi, yalizunguka mara 1,600 × 11 ÷ 40, yaani mara 440 kwa dakika. Tairi lilikuwa na kipenyo cha inchi 30, ambazo ni kama sentimeta 76. Mzingo wake ni 76 × 22 ÷ 7, yaani sentimeta 239, karibu meta 2.4. Kwa dakika moja gari lilikwenda 440 × 2.4, yaani meta 1,056. Kwa saa moja lilikwenda meta 63,360, au kilometa 63 na kidogo. Na kweli, mwendo wa juu wa Model T uliojulikana ulikuwa kati ya kilometa 64 na 72 kwa saa. Hesabu yetu ya meno haikutupoteza. Kama propela ingeyaendesha magurudumu moja kwa moja bila kupunguzwa, hesabu ingetupa kilometa 230 kwa saa, mwendo ambao injini ya farasi 20 isingeuota kamwe. Ingezimika papo hapo.

Kwa ajili ya milima, Model T lilikuwa na gia ya chini yenye uwiano wa 2.75 kwa 1. Gia hiyo ilifuatiwa na ekseli, na uwiano mmoja ukifuatiwa na mwingine huzidishwa. Zidisheni 2.75 kwa 40, kisha mgawanye kwa 11. Mtapata 10 kamili. Injini ilizunguka mara 10 ili gurudumu lizunguke mara moja. Mwendo ulishuka hadi kilometa 23 kwa saa, na nguvu ya kuzungusha gurudumu ikawa karibu mara 10 ya ile ya injini, ukitoa kiasi kidogo kilichopotea kwa msuguano wa vyuma.

Gia ya kurudi nyuma ilikuwa na uwiano mkubwa zaidi, 4 kwa 1. Kwa ekseli, jumla ilikuwa 14.5 kwa 1. Kwa hiyo Model T lilikuwa na nguvu zaidi likienda kinyumenyume! Wenye magari hayo walilijua jambo hilo, na tena walikuwa na sababu ya pili. Tangi la petroli lilikuwa chini ya kiti, wala hapakuwa na pampu. Petroli ilitiririka yenyewe kwenda kwenye injini kama maji yanavyoteremka katika mfereji. Gari lilipopanda mlima mkali, injini ya mbele iliinuka, petroli ikashindwa kuifikia. Basi dereva aligeuza gari, akaupanda mlima matako mbele, watu wakacheka, lakini alifika.

Wakati huo huo magari yalikuwa yakianza kuonekana kwetu. Mwaka 1907 Mjerumani mmoja, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa gari la Kijerumani akinuia kuvuka bara la Afrika. Alifika Swakopmund, Namibia, tarehe 1 Mei, 1909, baada ya siku 630. Magari ya Ford yalitumiwa na jeshi la Waingereza katika nchi hizi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, vilivyopiganwa mwaka 1914 hadi 1918. Farasi, nyumbu na ng'ombe wa jeshi walikufa kwa wingi kwa ugonjwa uletwao na mbung'o, mdudu ambaye nchi ya Mpanda inamfahamu vizuri mno. Mizigo mingi ilichukuliwa na wapagazi wa Kiafrika, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Mtaa wa Kariakoo mjini Dar es Salaam ulipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi hao. Gari jepesi lililoweza kubeba mzigo bila kuogopa mbung'o lilikuwa jambo kubwa siku zile, ingawa halikufika upesi wala halikuwafikia wote.

Kwa mizigo mizito Ford alitoa lori la tani moja mwaka 1917, liitwalo Model TT. Injini yake ilikuwa ile ile ya farasi 20. Nini basi kiliiwezesha kubeba tani nzima? Ekseli ya nyuma. Badala ya pinioni na krauni za kawaida walitia chuma mfano wa parafujo kilichozungusha gurudumu la meno, na uwiano wake ulikuwa 7.25 kwa 1, karibu mara mbili ya ule wa gari dogo. Lori lilikwenda polepole, lakini lilikwenda.

Huenda mkapenda kujua jinsi fundi anavyopata uwiano wa gari la zamani asipokuwa na kitabu chake. Njia ya hakika ni kuifungua difu na kuhesabu meno. Njia ya pili ni kuhesabu mizunguko. Fundi huyazuia magurudumu ya mbele kwa mawe au magogo, huiweka gia huru, huyainua magurudumu yote mawili ya nyuma na kuyaegemeza juu ya vigingi imara, kisha hutia chaki kwenye propela na kwenye tairi. Wasaidizi wawili huyazungusha magurudumu pamoja, kwa upande mmoja, mara 10. Katika Land Rover nyingi za zamani, propela itazunguka mara 47, maana krauni yake ina meno 47 na pinioni meno 10. Uwiano ni 4.7. Fundi asisahau kuiachia breki ya mkono, kwani katika Land Rover hizo breki hiyo huishika propela yenyewe.

Hapa pana mtego ambao umewakosesha hata wakubwa. Mtu mvivu huinua gurudumu moja tu. Difu imetengenezwa ili gurudumu moja liweze kuzunguka zaidi ya jingine, kama inavyohitajika gari linapokata kona. Gurudumu moja likiwa chini limetulia, lile lililoinuliwa huzunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa krauni. Basi mtu huyo atazungusha mara 10, ataona propela imezunguka mara 23 na nusu, atasema uwiano ni 2.35, na ataagiza vyuma visivyofaa. Dawa ni kuzidisha jibu lake kwa 2. Kazi hii ifanywe na fundi mtu mzima. Watoto wasiingie kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki.

Wakulima wa Marekani waliutumia uwezo huo wa difu kwa faida yao. Waliinua gurudumu moja la nyuma la Model T, wakalifunga mkanda, wakapata mashine ya kupasua kuni au kupampu maji. Gari lililokwenda mjini asubuhi lilifanya kazi shambani jioni.

Watu walilitaka sana gari hilo, na kiwanda hakikuweza kutosheleza. Mwaka 1913 Ford na wasaidizi wake wakaanza mpango mpya. Badala ya mafundi kulizunguka gari, gari lilivutwa mbele yao, na kila mtu alifanya kazi moja tu. Muda wa kuunganisha gari moja ulipungua kutoka zaidi ya saa 12 hadi saa moja na nusu hivi. Bei ilishuka nayo. Gari la viti vya watu watano lililouzwa dola 850 mwanzoni liliuzwa dola 290 mwaka 1925.

Lakini kazi yenyewe ilichosha. Mtu aliyekaza parafujo ile ile kutwa nzima, siku baada ya siku, alichoka akili kuliko mwili, na wafanyakazi waliacha kazi kwa wingi. Mwezi wa Januari, 1914, Ford alitangaza mshahara wa dola 5 kwa siku ya saa 8, zaidi ya mara mbili ya mshahara wa kawaida, na watu wakafurika mlangoni pa kiwanda. Hata hivyo, alitaka kuyajua na kuyatawala mambo ya nyumbani kwa wafanyakazi wake, na kwa miaka mingi alivipinga vyama vyao. Mwaka 1937 walinzi wake waliwapiga viongozi wa chama cha wafanyakazi mbele ya kiwanda. Alikubali kukitambua chama mwaka 1941 tu. Tena, kuanzia mwaka 1920, gazeti alilolimiliki lilichapa maneno ya uongo na ya chuki dhidi ya Wayahudi. Aliomba radhi mwaka 1927, lakini madhara yalikuwa yamekwisha kuenea nchi nyingi. Haya nayo ni sehemu ya maisha yake, na hayafutwi na ubora wa magari.

Ukaidi uliomfanikisha ujanani ulimponza baadaye. Watengenezaji wengine walitoa magari yenye gia tatu na mwendo mzuri zaidi, naye akaendelea kuling'ang'ania Model T, gari la gia mbili, bila kutaka kusikia ushauri wa mwanawe Edsel. Wanunuzi walipungua. Mwezi wa Mei, 1927, ilimbidi kuacha kulitengeneza, baada ya magari zaidi ya milioni 15. Gari lililofuata, Model A, lilikuwa na gia tatu za mbele.

Edsel alifariki mwaka 1943, na mzee akarudi kuongoza kampuni ingawa nguvu zilikuwa zimemwishia. Mwaka 1945 alimwachia uongozi mjukuu wake. Mapema mwezi wa Aprili, 1947, mto uliopita karibu na nyumba yake ulifurika, maji yakaingia katika mtambo wa umeme, nyumba ikawa gizani. Usiku wa tarehe 7 mwezi huo, Henry Ford, aliyewahi kuwa mhandisi mkuu wa umeme wa Detroit, alifariki kitandani mwake kwa mwanga wa mishumaa na taa za mafuta, Clara akiwa kando yake. Alikuwa na umri wa miaka 83.